Kitalu Nyumba Kisiwa Panza: Kiwekwe Wapi?

Wakulima wa Kisiwa Panza hawana haja ya kuelezwa bahari ni kitu gani. Maji ya chumvi yamekwisha kuingia katika mabonde waliyokuwa wakilima mpunga, nao wamepanda mikoko ili kuyazuia. Basi mtu aazimiapo kujenga kitalu nyumba, yaani lile banda la mabomba yaliyopindwa kama upinde na kufunikwa nailoni, swali la kwanza si bei. Ni mahali.

Wako wanaoshauri kiwekwe kando ya njia, wageni wapate kukiona. Shauri hilo hatuliafiki hata kidogo. Tungule hazikui kwa kutazamwa.

Kiwekwe juu, mbali na bonde. Katika shamba la wazi mvua ya masika huiosha chumvi na kuishusha chini. Ndani ya kitalu mvua haiingii, na chumvi iletwayo na maji ya kumwagilia hubaki pale pale, ikizidi msimu hata msimu. Mwenye kisima cha maji ya chumvi atakuwa anajitengenezea jangwa chini ya nailoni. Dawa yake iko juu ya paa lenyewe. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kitalu cha mita 6 kwa 15, kikinyeshewa milimita 10, chaweza kutoa karibu lita 900, mradi kuwe na mfereji na tangi. Kwa hiyo mahali pa tangi pachaguliwe siku ile ile.

Vitabu vya Ulaya hufundisha kwamba kitalu kielekee kusini kipate jua. Hayo ni ya nchi za baridi. Panza iko nyuzi 5 na kitu kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri huwa kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Disemba, na joto kwetu halitafutwi, hukimbiwa. Cha kutazamwa ni upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu hupasua nailoni, lakini kitalu kisichopita hewa huunguza maua ya tungule yakapukutika. Yafaa basi pawe na safu ya miti upande wa kusini, kwa umbali wa kutosha, na ubavuni pawe wavu badala ya nailoni.

Miti, lakini si minazi juu ya paa! Nazi moja yatosha kuharibu kazi ya mwezi. Tena katika visiwa vyetu mnazi waweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwingine. Mwenye mnazi aulizwe mapema, kabla ya shoka.

Mahali ambapo tungule au mabilingani yamewahi kunyauka ghafla paepukwe, kwani ugonjwa ule hukaa udongoni miaka mingi. Na mwenye shamba asimame hapo siku ya mvua kubwa, aone maji yapita wapi na yatuama wapi. Mabomba yavushwa kwa chombo kutoka Chokocho. Kuyang'oa na kuyahamisha si kazi ya siku moja.