CD za Msikitini Zilizokataa Kusema



Katika kabati la ofisi ya msikiti wetu hapa Ujiji kumekaa kwa miaka mingi boksi la viatu lililojaa CD. Tulizihesabu mwezi wa Rajabu uliopita, zikawa 64. Nyingi ni darsa za Ramadhani za masheikh ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Nyingine ni Maulidi, nikaha na mabaraza ya Idd. Zote zilichomwa kati ya mwaka 2003 na 2010, zama ambazo kaseti zilikuwa zinaondoka na simu za leo zilikuwa hazijafika. Hatukuzihesabu kwa mapenzi ya historia. Tulikuwa tunaihitaji moja kati ya hizo, na hiyo hiyo ndiyo iliyokataa kufunguka.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, Allah amrehemu, aliweka wakfu vyumba viwili vya biashara vilivyo jirani na msikiti. Aliutamka wakfu huo mbele ya jamaa siku ya Idd el-Fitri mwaka 2006, na kijana mwenye kamera akarekodi. Hati iliyoandikwa baadaye ni fupi mno. Inasema tu kwamba vyumba ni wakfu wa msikiti. Mwaka huu wajukuu zake walitujia kwa adabu njema, wakasema hawana shaka yoyote na wakfu wa babu yao, ila bibi yao anakumbuka kwamba babu alitaja matumizi maalumu, nao wanaomba kusikiliza alichosema. Aliyesoma fiqhi anaujua uzito wa ombi hilo. Sharti la mweka wakfu likishathibiti, madamu haliendi kinyume na sheria, kamati haina hiari ya kulibadili. Na kodi ya vyumba vile, kwa miaka kadhaa, sisi tulikuwa tukiitumia kwa bati, rangi na luku.

Kompyuta mpakato ya ofisi ni mpya, haina mahali pa kuingizia CD. Tukaazima kisomeo cha nje, kile kinachochomekwa kwa waya wa USB. Kilizunguka, kikaguna, kikazima. Fundi wetu, kijana aliyehitimu madrasa yetu wenyewe, alicheka akasema, "Ustadhi, kina njaa." Umeme wa tundu moja haukukitosha, akaleta waya wenye vichwa viwili, akauchomeka katika matundu mawili, kikatulia. Siku ile zilifunguka CD 41 na 23 zikagoma. Ile ya wakfu ilifanya jambo lililotutia hofu zaidi ya kugoma: kompyuta ilisema kwamba haina kitu ndani yake, kisha ikauliza kama tunataka kuiandikia. Ndugu wasomaji, mkiulizwa swali hilo na kompyuta kuhusu CD mnayojua kuwa ina kitu, jibuni hapana, muitoe.

Tulimwomba kijana atueleze kama mtu anayemfundisha mtoto. CD ya kiwandani, alisema, ina vishimo vidogo vilivyogandamizwa katika plastiki. CD ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka jembamba la rangi, na mwale wa leza huiunguza rangi hiyo alama baada ya alama. Msomaji wake naye hupitisha mwale hafifu na kuangalia wapi nuru inarudi vizuri na wapi inarudi kidogo. Rangi ikichakaa kwa jua, joto na unyevu, tofauti hiyo hufifia, na mashine ya kusomea hubabaika. Juu ya rangi kuna utando wa madini unaorudisha nuru, na juu ya utando huo kuna mpako mwembamba tu. Maana yake ni kwamba upande ulio dhaifu zaidi ni ule wa juu, tunaouandika kwa kalamu ngumu, tunaoubandika karatasi za gundi, na ambao katika nyumba nyingi umekuwa kitako cha kikombe cha chai. Mkwaruzo wa chini hupita katika plastiki nene na pengine unasafishika. Mkwaruzo wa juu ukifika kwenye utando, huondoka na maneno yenyewe.

Na hapa tuseme neno juu ya dawa ya meno. Tunajua kwamba wengi huitumia kusugulia CD. Dawa ya meno hukwangua. Kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo kinatosha, na kifutwe kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Ya wakfu haikuwa na mkwaruzo wowote. Kosa lake lilikuwa la aliyeichoma. Mchomaji anaweza kuiacha CD wazi ili siku nyingine aongeze mambo mengine, na akiiacha hivyo, ile orodha ya mwisho inayoziambia mashine nyingine ndani mna nini inakuwa haijaandikwa. Mashine iliyoichoma huitambua. Nyingine huweza kuiona kama CD mpya. Basi kazi ikageuka kutoka kutafuta CD ikawa kutafuta mashine. Tuliuliza kwa aliyerekodi, akatuelekeza kwenye studio ya picha pale Mwanga, na wenye studio, Allah awalipe kheri, walikuwa bado wanayo kompyuta yao ya mezani ya zama zile, imewekwa chini ya meza ikishikilia mlango usifunge. Ilichukua dakika nyingi kuwaka. CD ikaingia, ikafunguka.

Ilikuwa video ya namna ya zamani, faili zenye jina linaloishia na DAT ndani ya folda iitwayo MPEGAV. Wengi hudhani faili hizo zimeharibika, kumbe programu ya bure kama VLC huzifungua. Picha ilikuwa inakwama kwama, ila sauti ilikuwa safi. Mzee alihimidi, akamswalia Mtume (SAW), kisha akasema kwamba kodi ya vyumba vyake ni ya posho za walimu wa madrasa, na akalirudia hilo mara mbili. Ofisini tulikuwa watu sita. Hakuna aliyesema kitu mpaka adhana ya Laasiri.

Tunaliandika hili hadharani kwa sababu safu hii imewahi kuwausia wengine juu ya amana. Walimu wetu walikuwa wakipewa mkono wa shukrani siku za Idd, huku haki yao iliyotamkwa na mwenye mali ikigeuka rangi ya ukuta. Tulikwenda kwa wajukuu na kwa bibi yao, tukawaomba radhi. Tumewauliza pia masheikh juu ya kilichokwisha kutumika, na kamati imekubali kukirudisha kidogo kidogo kutoka katika michango ya kawaida, huku kodi ya kila mwezi ikienda moja kwa moja kwa walimu.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini hamkuandika vizuri? Ni kweli. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo, nasi tuliiachia kamera kazi ya kalamu. Msikiti wa Riyadha kule Lamu una miswada iliyoandikwa kwa mkono, mingine ya zaidi ya karne moja, na mwenye elimu anaifungua na kuisoma kwa macho yake tu; hata ilipopigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, miswada yenyewe haikuhitaji mashine ili isomeke. Waingereza nao wana kisa chao. Mwaka 1986 BBC iliweka maelezo ya nchi nzima katika diski za leza kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha sensa kiitwacho Domesday, na haikupita miaka 20 mashine za kuzisomea zikawa adimu kiasi cha kuhitaji watafiti kuziokoa. Kitabu cha mwaka 1086 bado kinasomeka.

Hatusemi tuache mashine. Tunakumbuka kwamba baada ya vita vya Yamama, walipokufa wahifadhi wengi, Sayyidna Abubakar (RA) alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye Qur'ani kutoka kwenye maandiko na vifua vya watu, na kwamba Sayyidna Uthman (RA) alipopata msahafu hakuuweka mahali pamoja, bali alipeleka nakala katika miji mikuu. Sasa darsa zilizofunguka ziko katika diski ya ofisini, na nakala nyingine iko katika nyumba ya mwanakamati anayekaa mlimani, mbali na maji. Hatujasahau miaka ya 2020 na 2021 ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za mwambao. Na wakfu wa mzee umeandikwa upya kwenye karatasi, neno kwa neno kama alivyolitamka, ukasainiwa na mashahidi.

Familia zenye CD za nikaha, za wazee waliofariki au za makubaliano ya mirathi, tunawaomba wazilete ofisini baada ya Isha siku za Jumatano. Wasizikwangue kwanza, na waje na flashi. Kama wanakumbuka ni nani aliyezichoma, waje na jina lake pia.

Kwetu zimebaki tisa ambazo hazijafunguka. Iliyo muhimu kati ya hizo ni darsa ya Suratul-Kahf, na kijana wetu ameiacha kwenye kompyuta yenye programu inayosoma kwanza sehemu nzima kisha kuzirudia zilizogoma. Usiku wa juzi ilipata chini ya nusu. Lakini zama zile CD zetu zilivuka ziwa pamoja na mawese na dagaa, na tumeambiwa kwamba nakala ya darsa hiyo iko katika nyumba moja kule Kalemie. Nahodha mmoja wa boti ameahidi kuiulizia safari yake ijayo, in shaa Allah.