MUHOGO WA JAANI

Wananchi, twaambiwa taka za mji ni mbolea, tena ya bure. Hatukatai: majani na maganda yakioza huupa udongo naitrojeni na fosforasi, na muhogo hunenepa. Lakini betri haiozi! Risasi na kadimi yake hubaki shambani miaka na miaka.

Kadimi ndiyo mwizi hasa. Hupanda na maji mizizini, zaidi udongo ukiwa mchachu, ikaingia ndani ya kiazi, kumenya hakuiondoi. Risasi nyingi hukaa kwenye ganda (na watoto wangapi hula kiazi na ganda lake?). Huko Japani kadimi ya mgodi ilishuka na mto Jinzu hadi mashamba ya mpunga, ikawavunja wanawake mifupa. Serikali yao ikakiri mwaka 1968.

Kipimo cha mataifa kwa mazao ya mizizi ni miligramu 0.1 kwa kilo, kwa kila moja ya madini hayo. Basi twawauliza wakubwa: mashamba yatiwayo taka, Unguja na Pemba, yalipimwa lini, na majibu yako wapi? Taka za jikoni zitengwe na za betri na rangi. Hadi hapo, atugawiaye mbolea hiyo na aanze na bustani yake.