Malaki Ana Sura Nne

Kila mwaka mavuno yakaribiapo, kitabu cha nabii Malaki husomwa katika makanisa yetu. Kusikia manabii wakisomwa ni furaha kwetu, maana mara nyingi huachwa kama vyombo vilivyosahauliwa darini. Lakini kisomwacho si kitabu. Ni mistari mitatu ya sura ya tatu, tangu wa nane hata wa kumi, penye maneno ya kumwibia Mungu zaka na ya kuzileta ghalani. Msomaji akiisha kuisoma hukifunga kitabu, na mhubiri huanza. Hata Wakristo waliobatizwa miaka thelathini iliyopita, ukiwauliza Malaki alisema nini, watakujibu, "Alisema tutoe fungu la kumi." Ukiwauliza zaidi, hawana neno. Sisi twasema ya kwamba jambo hili ni baya, wala hatutalisema kwa kunong'ona.

Tulikuwako katika usharika mmoja siku ya mavuno. Palikuwa na mahindi na ndizi, kuku waliofungwa miguu, na debe la maharage, vyote vikingojea mnada baada ya ibada. Mistari mitatu ikasomwa. Ndipo mzee mmoja wa kanisa aliposimama na daftari, akasoma majina ya waliotoa na kiasi walichotoa, kisha majina ya wasiotoa. Miongoni mwa wa kwanza alikuwamo bwana mmoja mwenye shamba kubwa la kahawa, alipigiwa vigelegele. Miongoni mwa wa mwisho alikuwamo mama mjane, ambaye mahindi yake yalikauka kabla ya kubeba. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama kijana aliyechuma kahawa ya bwana yule msimu mzima, asilipwe ujira wake hata siku ile. Kijiji kizima kilijua habari hiyo, na mhubiri alijua. Akamwuliza yule mama, mbele ya watu wote, kama haogopi kumwibia Mungu.

Laiti msomaji angalianza juu kidogo, katika mstari wa tano wa sura ile ile! Hapo Bwana asema ya kwamba atakaribia kuhukumu, naye atakuwa shahidi juu ya wachawi, na wazinzi, na waapao kwa uongo. Tena juu ya wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima, na wanaomnyima mgeni haki yake. Mistari mitatu tu ilimtenga yule bwana na hukumu yake mwenyewe. Kwa kuwa haikusomwa, aliyedhulumu akashangiliwa, na mjane akaaibishwa, tena kwa kitabu ambacho kimeandikwa kumtetea mjane.

Basi na tukifungue tangu mwanzo. Malaki alisema na Wayahudi waliokwisha kurudi kutoka Babeli. Hekalu lilikuwa limejengwa tena, kazi iliyomalizika yapata mwaka 515 kabla ya Kristo, na nchi ilikuwa chini ya mfalme wa Uajemi na maliwali wake. Je, nabii alianza kumkemea nani? Si mkulima. Sura ya kwanza, baada ya maneno ya upendo wa Mungu kwa Yakobo, yawageukia makuhani wenyewe. Wao ndio waliopokea madhabahuni wanyama vipofu, na vilema, na wagonjwa, wakaona kwamba si kitu. Nabii awaambia wampelekee liwali wao mnyama wa namna hiyo, waone kama ataridhika nao. Asema afadhali mtu aifunge milango ya hekalu, moto usiwashwe bure. Na katika sura ya pili awaambia makuhani kwamba wamewakwaza wengi kwa mafundisho yao, na kwamba wameitumia sheria kwa upendeleo. Kisha awageukia wanaume waliowaacha wake wa ujana wao. Hayo yote yametangulia neno la zaka. Mhubiri aliyeanzia sura ya tatu ameruka sura mbili, na ya kwanza kati ya hizo yamhusu yeye.

Wengine watasema, "Ninyi walimu mwataka watu wasitoe." Sivyo. Mwinjilisti ana watoto wa kulisha, na paa la kanisa haliezekwi kwa nyimbo. Malaki alidai zaka kwa nguvu, nasi hatutafuti njia ya kulipunguza neno lake. Twauliza tu kama tumeelewa zaka aliyoidai ilikuwa nini, na ghala lile lilikuwa la kazi gani. Katika Hesabu 18 walipewa Walawi, kwa sababu hawakupata urithi wa nchi kama kabila nyingine. Nao Walawi wakatoa fungu la kumi la hilo fungu la kumi kwa makuhani. Hivyo hata mpokeaji alikuwa mtoaji. Katika Kumbukumbu la Torati 14, mtu aliamriwa kula zaka yake mbele za Mungu pamoja na nyumba yake kwa furaha, asimsahau Mlawi; na kila mwaka wa tatu iliwekwa akiba malangoni, ili Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane waje wale na kushiba. Na wapimeni kwa sheria hiyo wale waliokaa kanisani siku ile. Mama yule hakuwa mdeni wa ghala. Alikuwa mmoja wa wale ambao ghala liliwekwa kwa ajili yao.

Tena yuko Nehemia, aliyeyaona mambo yayo hayo kwa macho. Someni sura yake ya kumi na tatu, maana ni kama maelezo ya Malaki. Aliporudi Yerusalemu aliona ya kwamba Eliashibu kuhani, aliyewekwa juu ya vyumba vya nyumba ya Mungu, amempa jamaa yake Tobia chumba kikubwa, kile kile kilichowekwa zaka za nafaka na divai na mafuta. Ghala limekuwa sebule ya jamaa! Na Walawi na waimbaji, kwa kukosa posho, wamekimbilia kila mtu shambani kwake. Nehemia alifanyaje? Kwanza alivitupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaamuru chumba kitakaswe. Pili aligombana na wakubwa, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Ndipo Yuda wote wakaleta zaka. Kisha akaweka watunza hazina, kuhani mmoja, na mwandishi mmoja, na Mlawi mmoja, pamoja na msaidizi wao. Akawachagua kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu. Tazameni utaratibu wake. Siku ile tuliyoisimulia, majina ya watoaji yalisomwa yote, bali hesabu ya matumizi haikusomwa.

Asili ya ubaya huu twadhani ni mazoea ya kuokota mistari. Waandishi watakatifu hawakutia namba. Namba za mistari zitumiwazo katika Agano Jipya zilitiwa na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne, katika mwaka 1551, ili mtu apaone mahali upesi. Zafaa sana kwa kazi hiyo. Lakini sisi tumezifanya kuwa visu vya kukatia nyama. Siku hizi mstari mmoja hufika asubuhi katika simu, umepambwa kwa picha ya maua, na mtu huenda nao kutwa nzima pasipo kujua ni nani aliyeambiwa maneno yale. Wangapi wamepelekewa ahadi ya Yeremia 29, ile ya mawazo ya amani, wasijue kwamba ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli? Mstari uliotangulia wawaambia kwamba miaka sabini lazima itimie kwanza. Wengi walioisikia barua ile walizikwa ugenini, na katika barua iyo hiyo waliagizwa kujenga nyumba, na kupanda bustani, na kuuombea heri mji wa adui zao. Ahadi ni ya kweli. Bali aipokeaye pasipo ile miaka sabini atamlaumu Mungu kabla mwaka haujaisha.

Tumeambiwa pia kwamba watu wa vijijini hawawezi kufuata kitabu kizima, sharti wakatiwe vipande. Neno hili hutuudhi kuliko mengine. Wazee wa kijiji chetu husikiliza shauri la mpaka wa shamba toka asubuhi mpaka jua kuchwa. Wakumbuka babu wa nani alipanda sale wapi, wala hawakubali shahidi akatwe kauli katikati. Watu kama hao watashindwa na Malaki? Kitabu chote kina mistari 55, na mtu asomaye polepole hukimaliza katika robo saa. Mnada wa kuku peke yake huchukua zaidi.

Kwa hiyo, sisi walimu watatu tumekwenda kwa mzee wa zamu, tukamwomba ya kwamba Jumapili ya mavuno ya mwaka huu Malaki asomwe chote, toka neno la kwanza hata la mwisho, na mhubiri asianze mpaka kimekwisha; tena mhazini asome hesabu ya mwaka uliopita kabla ya majina ya mtu yeyote. Mzee amesema atafikiri. Akikataa, tutakisoma jioni barazani kwa yule mama, naye amekwisha kukubali. Kijana wa kahawa ameombwa kuja kusoma sura ya tatu, kwa kuwa sauti yake ni nzuri. Yule bwana naye tumemwalika.