Nimepunguza viungo vya pembeni, msinune

Mliopita hapa tangu Jumapili mtakuwa mmeona kwamba orodha ya viungo iliyo upande wa kulia imekonda. Ilikuwa na majina 31, sasa yamebaki 12. Wawili kati ya niliowaondoa wameshaniuliza wamenikosea nini, na mmoja hakuuliza, ameniondoa kwake tu. Haya, acheni nieleze.

Chanzo ni shangazi yangu. Mwanawe yuko kidato cha tatu na nilimwambia apite hapa akitaka kujifunza Python. Kijana akabonyeza kiungo cha pembeni kilichoandikwa "Masomo ya Python kwa Kiswahili", kikampeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa kamari wenye zawadi ya kujisajili. Jioni shangazi akanipigia nikiwa kwenye matatu ya Kangemi: "Kumbe ni wewe unafundisha watoto kubeti?" Abiria wa jirani alisikia. Sikuwa na jibu.

Mwenye tovuti ile tulikutana mwaka 2021 kwenye mkahawa mmoja Kimathi Street. Tukapatana: niweke, nikuweke. Siku ile hakuna aliyekuwa amesoma ya mwenzake, mimi nilisoma kichwa cha ukurasa tu. Baadaye akapata ajira, akaacha kuandika, na jina la tovuti likaisha muda bila kulipiwa. Jina likiachwa hivyo, yeyote anaweza kulisajili upya. Wanaolichukua hawalitaki kwa uzuri wake. Wanalitaki kwa sababu tovuti nyingine bado zinalielekea, pamoja na yangu. Yaani kile tulichobadilishana kwa kikombe cha chai ndicho kilichompa mwenye kamari sababu ya kulinunua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilijiona mjanja. Nina skripti inayopitia orodha kila usiku na kuuliza kila seva kama iko hai. Ikijibiwa 404, inaniandikia barua pepe. Lakini ukurasa wa kamari haujibu 404! Unajibu 200 kwa furaha, tena haraka kuliko tovuti ya awali. Kwa skripti yangu kila kitu kilikuwa shwari. Sasa nimeibadilisha: inahifadhi kichwa na maneno ya kila ukurasa, na yakigeuka sana inanishtua. Inaangalia pia tarehe ya mwisho ya usajili wa jina. Hata hivyo, mara moja kwa mwezi nafungua vyote 12 kwa mkono na kusoma.

Biashara hii ya nipe nikupe ina asili yake. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walieleza PageRank, hesabu inayochukulia kiungo kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika ina uzito zaidi. Watu wakajua, wakaanza kubadilishana kura. Google wamekuwa wakizipunguza makali tangu hapo. Mwaka 2005 ikaja alama ya nofollow, mwaka 2012 marekebisho yaliyoitwa Penguin, na mwaka 2016 wakaacha kuonyesha hadharani ile alama ya PageRank. Leo sheria zao zinahesabu ubadilishanaji uliopitiliza kuwa ulaghai. Na bado kila wiki napata barua pepe ya mtu nisiyemjua, ameipenda sana makala yangu (haitaji ipi), angependa tubadilishane viungo.

Lakini Google sio hoja yangu. Kwetu Kenya viungo vilishafanya kazi kubwa bila kuwaza hesabu za mtu. Mwaka 2004 Daudi Were alianzisha Kenyan Blogs Webring. Ilikuwa pete: unaweka msimbo mdogo kwenye ukurasa wako, msomaji akimaliza kwako anasukumwa kwa Mkenya mwingine, awe Nairobi au ughaibuni. Hapakuwa na hesabu ya nani kampa nani. Mwanzoni mwa Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, akiwa amerudi Afrika Kusini, aliandika kwenye Kenyan Pundit akiomba mafundi wa kutengeneza ramani ya matukio ya vurugu. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa tayari wanajulikana kwa kurasa zao, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Wito ule uliwafikia watu waliokuwa wamezoea kusomana. Ungebandikwa kwenye orodha ya majina 31 ambayo mwenyewe hajawahi kuyafungua, sijui ungefika wapi.

Nakichukulia kiungo kama udhamini wa mkopo kwenye sacco. Humdhamini mtu kwa sababu naye amekudhamini. Unamdhamini kwa sababu unajua anafanya kazi wapi na analipa. Akitoroka, makato ni kwenye akiba yako. Mimi nimekatwa na shangazi.

Kuna rafiki aliyenipinga, na ana hoja. Anasema sisi tunaoandika teknolojia kwa Kiswahili ni wachache, tusipobebana hakuna atakayetuona. Ni kweli kabisa. Ila kumbukumbu za seva yangu zinaonyesha wasomaji wanabonyeza majina manne au matano ya juu, waliobaki walikuwa mapambo. Kumweka mwandishi mchanga nafasi ya 27 si kumbeba. Nikimpenda, nitaandika aya nzima kuhusu makala yake, ndani ya makala yangu, na nitaweka kiungo hapo hapo. Naye si lazima arudishe chochote. Aliyeniondoa juzi bado yumo kati ya wale 12, kwa sababu anaandika vizuri kuhusu hifadhidata kuliko mimi.

Kiungo cha kulipiwa siweki pembeni. Siku njaa ikinizidi nikaweka, kitakuwa na alama ya sponsored na neno "tangazo" la kusomeka.

Kimoja bado kinanisumbua. Ni tovuti ya masomo ya mitandao ambayo haijaandikwa kitu tangu 2019. Masomo yenyewe bado ni mazuri, lakini usajili wa jina unaisha Novemba na mwenyewe hajibu barua pepe. Nimekiacha kwa sasa na skripti inakichungulia kila usiku. Kama unamfahamu mwenyewe, mwambie alipie, au anitafute nimlipie mimi.

Na ukibonyeza chochote hapo kulia kikakupeleka pabaya, niandikie siku hiyo hiyo. Usimsubiri shangazi.