Ukisema "concur", tupe sababu

Fungua grupu la WhatsApp la darasa lolote hapa chuoni. CR akiandika kwamba kila mtu achange elfu tano, majibu yanamiminika: "I concur." "I concur." "Nakazia." Wiki ikiisha, waliochanga wanahesabika, na wale wale wa "concur" wako korido wanalalamika kwamba CR anatuburuza.

Wanachuo wenzangu, hili neno tumeligeuza kuwa "ndiyo" iliyovaa suti. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kukimbia pamoja. Anayekimbia pamoja nawe anatumia miguu yake mwenyewe, habebwi mgongoni.

Kiingereza kina "agree to", yaani kukubali jambo uliloombwa, hata kwa shingo upande. "Concur" haifanyi kazi hiyo. Ni kufika kwenye maoni yale yale kwa kufikiri kwako. Kiswahili nacho kinatenganisha: unaweza kukubali kuchanga huku huuafiki mchango wenyewe.

Majaji wanalijua hili. Mwaka 1952 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimzuia Rais Truman kutwaa viwanda vya chuma. Jaji Robert Jackson alikuwa upande wa walioshinda, lakini hakuishia kusema naafiki. Aliandika sababu zake mwenyewe, na mpaka leo wanasheria wananukuu hoja zake kuliko uamuzi mkuu wa siku ile. Hiyo ndiyo "concur".

Sasa njoo kwenye semina zetu. Mtu anasimama, "I concur with the previous speaker," anakaa, jina lake linawekewa tiki ya ushiriki. Ameshiriki nini? Na sisi wa ualimu ndio hatari zaidi, maana kesho tutasimama mbele ya watoto tuulize, "Tumeelewana?" Darasa zima litaitikia, "Ndiyo mwalimu!" nasi tutafunga kitabu tukiamini somo limeingia.

Pendekezo langu ni dogo. Kila "concur" ifuatwe na "kwa sababu". Kama sababu huna, uliza swali. Kama huafiki, sema pale pale, siyo korido. Na anayesema "sikubaliani" tusimwite mkorofi. Pengine ndiye pekee aliyesoma ile meseji ya CR mpaka mwisho.