Ndigana: Tupime Kabla ya Kutibu

Mkoani Kagera ng'ombe si maziwa peke yake. Samadi yake ndiyo hulisha kibanja, nacho kibanja ndicho hulisha jamaa. Afapo ng'ombe mmoja Bukoba au Muleba, migomba nayo hudhoofika. Kwa hiyo ndigana ni shida yetu sote.

Ndigana kali huenezwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Matezi ya chini ya sikio huvimba, homa hupanda, pumzi hubana, na ng'ombe asiyetibiwa aweza kufa katika wiki tatu au nne tangu kuumwa na kupe huyo. Ng'ombe wa kigeni na machotara ndio waathirikao zaidi.

Kosa kubwa hufanyika katika tiba. Mara nyingi ng'ombe mwenye homa huchomwa oksitetrasaiklini bila ya kupimwa. Dawa hiyo hutibu ndigana baridi, ambayo nayo huletwa na kupe. Lakini ndigana kali ikisha kujitokeza, haiponyi. Hiyo huhitaji buparvakwoni, tena mapema. Kinachotenganisha magonjwa haya mawili ni hadubini: utomvu wa tezi uliopakwa juu ya kioo huonyesha ndigana kali, na tone la damu huonyesha ndigana baridi.

Tunawafikiria hasa ndugu zetu wa Bumbire, Ikuza na Goziba. Si rahisi kumvusha ng'ombe mahututi, lakini kioo kilichopakwa chaweza kuvuka ziwa kwa mtumbwi wa kwanza wa asubuhi. Hapana budi Halmashauri ihakikishe kwamba ofisa mifugo aliyeko kisiwani ana vioo na dawa, na kwamba hadubini ya wilaya haikosi mtaalamu.

Mfugaji naye ana wajibu wake. Aogeshe mifugo kwa ratiba, akague masikio, wala asivushe ng'ombe mwenye kupe kutoka bara, kwani ng'ombe wa kisiwani wasiopata kuugua hawana kinga. Tena ipo chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, ambayo mnyama huchanjwa mara moja tu maishani. Viongozi waifikishe visiwani pia.

Kioo kimoja ni senti chache. Mtamba ni akiba ya miaka. Basi tupime kwanza, ndipo tutibu.