Acheni Kututumia Theluji

Naanza na kosa langu kabla sijawagusa wengine.

Desemba 2022 nilikuwa Tampere, Ufini, kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi wa muhula mmoja. Nilisimama kando ya ziwa Näsijärvi, theluji imenifika magotini, koti kubwa nililonunua Gikomba, nikapiga picha. Nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la familia: “Baridi ni kali lakini Mungu ni mwema.” Emoji za moyo zikamiminika. Shangazi akaandika kwamba ukoo umeinuka. Siku hiyo nilikuwa nimekula mlo mmoja, ule wa kantini ya chuo, na akaunti yangu ilikuwa na euro 11. Hilo sikuliandika.

Mwaka uliofuata mjomba aliuza kaploti kake ka pekee akamlipa ajenti aliyemwahidi kumpeleka binamu yangu Ufini. Ajenti akazima simu. Binamu sasa anaendesha boda ya mtu. Nilipomuuliza mjomba mbona hakunipigia kwanza, alinitazama tu. “Nikuulize nini, na picha niliiona?”

Ndiyo maana nawaambia wote mlioko huko, na sisi tuliorudi: acheni kututumia theluji.

Picha si dhambi. Shida ni kwamba theluji imekuwa jibu la kila swali. Mtu akikuuliza maisha huko vipi, unasema baridi. Masomo je? Baridi. Mbona umekonda? Acha tu, hii baridi. Basi huku nyumbani watu wanaamini kwamba kitu pekee kinachosimama kati yao na ufanisi ni hali ya hewa, na hiyo inatatuliwa na koti zito.

Na hata hiyo baridi tunaipiga chuku. Mimi ni mtoto wa Limuru. Julai kwetu unalala na soksi na sweta, na asubuhi unaogopa kushika sufuria. Tampere nje ilifika digrii 15 chini ya sufuri, lakini chumbani nilikaa na fulana. Nyumba za huko zimejengwa kwa ajili ya baridi, joto linapita kwenye mabomba ya maji moto hadi kila chumba. Katika maisha yangu yote, nyumba baridi kuliko zote niliyowahi kulala ni ya kwetu.

Kilichonishinda ni hesabu. Ili nipate kibali cha kukaa, nilitakiwa kuonyesha euro 560 kwa kila mwezi nitakaokuwa huko. Miezi mitano ni euro 2,800, zaidi ya laki 3 za Kenya wakati huo. Juu yake bima ya kugharamia matibabu ya hadi euro 120,000. Tangu hapo kiwango cha mwezi kimepandishwa hadi euro 800. Pesa yangu ilitoka kwa mkopo wa sacco wa mama, na hadi leo anakatwa kwa mshahara.

Tena mimi nilikuwa na bahati. Mwanafunzi wa kubadilishana halipi karo kule anakoenda. Anayeenda kusomea digrii nzima kwa Kiingereza, kama binamu alivyotaka, akitoka nje ya Ulaya analipa karo ya maelfu ya euro kila mwaka, asipopata ufadhili. Mjomba hakujua hivi ni vitu viwili tofauti. Angejulia wapi? Picha zinafanana.

Kazi nilitafuta. Sheria inaruhusu mwanafunzi kufanya kazi, lakini kila mlango niliobisha uliniuliza kama najua Kifini. Nikapata ya kupiga deki alfajiri, wiki tatu, ikaisha. Kulikuwa na giza pia. Desemba jua la Tampere linachomoza karibu saa nne asubuhi na kutua saa tisa alasiri. Kuna wikendi nilimaliza bila kusema neno na mtu yeyote. Si ati Wafini ni wabaya. Wananyamaza basini kama watu walio kanisani, na mimi nilikuwa nimezoea kondakta.

Nikarudi na deni. Chuo changu hapa kikakawia kuzitambua alama nilizopata kule, muhula ukapita, malimbikizo ya karo yakanizidi, nikaacha. Kwenye kundi la familia bado mimi ndiye yule wa theluji.

Najua mtakachosema. Kwanza, kwamba nina wivu, nimekwama na sasa nafungia wengine njia. Hapana. Nendeni. Maktaba za kule ningezirudia kesho, na basi la saa mbili na dakika saba linafika saa mbili na dakika saba. Lakini nendeni mkijua bei.

Pili, kwamba mzazi akiambiwa ukweli atapata presha. Hii niliiamini sana. Sasa nauliza: mzazi anayeuza shamba kwa sababu hakuambiwa, yeye hapati presha? Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa chini ya mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka vijana kusoma Ufini na Kanada. Nani ana hatia ni kazi ya korti. Swali langu ni dogo: tulioishi huko tulikuwa tumewaambia nini watu wetu kabla hawajatoa pesa? Anayetaka kumlaghai mzazi wa Kenya hahitaji hata tangazo. Matangazo tumemfanyia sisi, bure.

Kwa hivyo ukipiga picha ya theluji, chini yake andika kodi ya chumba. Andika unafanya kazi saa ngapi, na ya nini. Andika nani alichukua mkopo ili ufike hapo.

Wiki jana niliandika yangu, kwenye kundi lile lile. Kodi ya chumba, euro 310 kwa mwezi. Chakula cha mchana kantini, chini ya euro 3, na ndicho kilichoniokoa. Kazi, wiki tatu. Deni la mama lililobaki, shilingi 140,000. Digrii, hakuna. Nikaongeza ile habari ya karo, kwamba mimi sikulipa ila binamu angelipa.

Hakuna aliyetuma moyo. Shangazi alisoma akanyamaza. Mjomba pia.

Usiku binamu akapiga simu. Hakuniuliza kama kweli nilikula mara moja kwa siku. Aliuliza, “Hiyo karo ya euro, ni ya kila mwaka ama ni ya mara moja?”

Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, na baridi hatukuitaja.